Yadi Hamsini Haziuzwi Dukani

Wacha niseme jambo litakaloniharibia mialiko ya wikendi. Wengi wenu mnaocheza gofu Nairobi siku hizi hamjui kupiga mpira yadi hamsini. Mnajua kupiga yadi mia mbili na hamsini, mara moja kati ya sita, na hiyo moja ndiyo mnaiweka Instagram. Lakini mkibakishiwa yadi hamsini kufika kwenye bendera, mbele yenu grini pana kama uwanja wa gwaride la shule, hakuna maji, hakuna mti, mpira umekaa vizuri juu ya nyasi, mnaanza kutokwa na jasho kama mtu aliyeitwa jina na karani wa mahakama. Mpira wa kwanza unaishia nusu ya njia. Wa pili unaruka grini yote na kushukia upande wa pili. Halafu mnageuka kumtazama kedi, kana kwamba ni yeye aliyepiga.

Nimebeba mabegi miaka saba. Nimeuona mpigo huo ukifeli kwa Kiingereza, kwa Kikorea, kwa Kigujarati na kwa Kikuyu. Siku hizi, Jumamosi mchana, nafundisha watoto wa mtaani kwetu kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya kanisa. Sina cheti cha ualimu wala shati lenye nembo. Kwa hivyo ukitaka kuniambia sina haki ya kubonga kuhusu mambo haya, jiunge na foleni. Ni ndefu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kugusa fimbo ya gofu: weji ni zile fimbo fupi zenye uso uliolala nyuma, kuanzia kama digrii 45 hadi 60. Zimetengenezwa kuupandisha mpira na kuushusha taratibu. Kwa nguvu zote, mchezaji wa kawaida atapata yadi kama 70 kwa ile iliyolala zaidi na 110 au zaidi kidogo kwa ile iliyosimama. Shida iko chini ya hapo. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, na kati ya hizo 14 hakuna hata moja ambayo mtengenezaji aliitengeneza kwa yadi 50. Au 35. Au 20. Hizo unajitengenezea mwenyewe, kwa mkono wako, na hapo ndipo pesa zako zinaposhindwa kukusaidia.

Lakini mji huu umejaa watu wanaotaka kukuuzia hizo yadi.

Muuzaji wa kwanza yuko dukani. Atakwambia tatizo lako ni pengo kati ya fimbo: una digrii 48 na 56, unahitaji 52, na ukiwa serious, bana, ongeza na 60. Ukitoka hapo umelipa pesa ambazo kwangu ni kodi ya miezi mitatu, na begi limekuwa zito kwa mgongo wa mtu mwingine. Nikuambie nilichokiona: wengi waliokuja na weji ya digrii 60 wakiwa bado hawajaijua ile ya 56 walirudi nyumbani na makosa mawili badala ya moja. Uso uliolala sana unakwenda chini ya mpira kama mwiko chini ya chapati. Ukikosea kidogo tu, mpira unapanda juu, unakuangalia, na kurudi karibu na kiatu chako.

Muuzaji wa pili hana duka. Yeye ni mzee wa klabu, amecheza miaka thelathini, na dawa yake ni neno moja: hisia. "Hii ni ya kuhisi tu, kijana. Ni kipaji." Anaisema kwa upole, akiwa ameshika glasi, na huyu ndiye anayenikera zaidi, maana uongo wake umevaa nguo za hekima. Ukimwambia mtoto wa Kibera au Mathare kwamba umbali ni kipaji, umemwambia asubiri malaika. Hiyo hisia anayojivunia ni kumbukumbu ya mipira elfu ishirini aliyopiga kwenye nyasi ambazo yule mtoto haruhusiwi kukanyaga. Aseme hivyo basi. Aseme, "Nilipewa nyasi."

Hebu tuingie kwenye hesabu, ile ya gredi ya sita inatosha. Mpira unaokwenda polepole, hewa haiuzuii sana, na umbali wake unafuata kasi mara kasi. Kama kasi fulani inakupa yadi 50, ongeza kasi hiyo kwa asilimia kumi tu uone: 1.1 mara 1.1 ni 1.21, na mpira wako unatua karibu na yadi 60. Punguza kwa asilimia kumi, unatua karibu na 40. Asilimia kumi ya mkono wako ni kitu gani? Ni kukohoa. Ni mtu kusema jina lako wakati fimbo inashuka. Na kosa hilo dogo linakuwa yadi kumi nzima, yaani tofauti ya kuuweka mpira karibu na bendera na kuuweka mchangani. Ndiyo sababu yule anayejiambia "ngoja niongeze kidogo" au "ngoja nipunguze kidogo" anaumia kila siku. Anacheza na ile namba moja ambayo adhabu yake inazidishwa yenyewe kwa yenyewe.

Sasa angalia wengi wanavyopiga. Wanairudisha fimbo nyuma kama wanaotaka kupiga yadi mia, kisha njiani wanakumbuka ni hamsini, wanaogopa, wanafunga breki. Hakuna mwanadamu anayeweza kufunga breki ileile mara mbili. Dawa ni kuirudisha fimbo kidogo na kuiacha ishuke bila woga, mdundo uleule kila wakati, iwe ni yadi 20 au 60. Kinachobadilika ni urefu wa safari ya mkono. Mdundo usiguse.

Jambo hili limeshaandikwa. Dave Pelz, Mmarekani aliyekuwa mwanafizikia wa NASA kabla ya kuhamia gofu, alilipanga kwa mfano wa saa ya ukutani: mkono wa kushoto uwe mshale, uusimamishe saa saba na nusu, saa tisa, au saa kumi na nusu, kisha uteremke kwa mdundo mmoja. Safari tatu kwa kila weji. Ukiwa na weji nne umepata umbali kumi na mbili bila kubahatisha. Mfumo ni mzuri, na nilijaribu kuwafundisha watoto vivyo hivyo. Ilikuwa kioja. Nikasema "saa tisa", nusu ya darasa wakainua mkono upande mmoja na nusu upande mwingine, maana Kiswahili chetu kinasoma saa kinyume: mshale ukiwa kwenye tisa ya Mzungu, kwa bibi yao ni saa tatu. Tukabishana dakika kumi kuhusu saa na hakuna aliyepiga mpira.

Nikaachana na saa. Kwetu sasa ni paja, kifua, sikio. Mkono unafika kwenye paja, au kifuani, au karibu na sikio, basi. Mtoto hahitaji kukumbuka kitu asichokuwa nacho mwilini.

Halafu tunapima. Hapa ndipo wenye simu zao na programu zao wananichekesha. Wamejaza jedwali la namba za mtu wa Florida, wamelibandika kwenye begi, wanashangaa kwa nini halifanyi kazi. Namba hizo ni za mkono wa mtu mwingine! Ni kama kuvaa miwani ya jirani kwa sababu yeye anaona vizuri. Sisi tunatandaza magunia matatu, tunapiga mipira kumi kwa kila safari, tunatupilia mbali ile miwili mibovu kabisa, na tunahesabu kwa hatua mahali ile minane ilipotua. Ilipotua, nasisitiza, sio iliposimama. Kwenye vumbi mpira unabingirika hadi kwa jirani. Kwenye grini iliyonyeshewa unakwama palepale. Ardhi hubadilika kila wiki, lakini mkono ukishatulia, safari ya hewani haibadiliki sana, na hiyo ndiyo mali ya mchezaji.

Kuna msichana mmoja, yuko gredi ya sita. Ana weji moja ya digrii 56, namba zimefutika chini yake, na mpini umefungwa kwa tyubu ya baiskeli. Namba zake ni 18, 34 na 52. Akishika chini kidogo ya mpini anapata nyingine tatu, pungufu kidogo ya hizo. Umbali sita kutoka kwa fimbo moja iliyotupwa. Muulize mwenye weji nne mpya, pale baa ya klabu, akupe namba zake tatu za weji yoyote. Utapewa hadithi ya mpira aliopiga mwaka juzi.

Najua mtakachosema. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, ndiyo maana weji zangu zinapita. Hapana. Hewa nyepesi ni kweli kwa draiva. Mpira unaokwenda kwa kasi kubwa unazuiwa sana na hewa, kwa hivyo hewa ikipungua unaruka mbali zaidi, na mgeni anayetoka Mombasa kuja kucheza Karen ataliona hilo tangu shimo la kwanza. Lakini mpira wa yadi 50 unakwenda polepole mno kwa hewa kuwa na maneno mengi nao. Labda yadi moja. Zile nyingine tisa zilizopita ni zako, na zina jina lako.

Kisingizio ambacho mngekuwa na haki nacho hamkitumii, kwa sababu wanaowafundisha kwenye YouTube hawakijui. Ni nyasi. Viwanja vingi vya huku juu vina nyasi za kikuyu, zile nene zinazotambaa na mizizi yake kama mkeka. Zilitoka kwenye nyanda zetu hizi, zikapelekwa Australia, Afrika Kusini na California, na huko watu wanaziandikia makala kama adui wa kigeni. Sisi tumezaliwa juu yake. Nyasi za kikuyu huushika mpira. Ule mpigo wa kuviringisha chini kwa chini, mpira utue kabla ya grini kisha ukimbie, mwalimu wa Scotland anausifu kwa sababu kwao ardhi ni ngumu na nyasi ni fupi. Ujaribu kwenye kikuyu uone mpira ukitua, ukishikwa mguu na kufa hapohapo, yadi kumi kabla ya ulipotaka. Nyasi hizo huishika na fimbo pia. Ukichimba mapema kidogo nyuma ya mpira, imekwisha. Kwa hivyo huku kwetu, mpira utue juu ya grini yenyewe. Tena usiifukie ile ncha kali ya mbele ya fimbo. Acha kile kitako cha chini, ule uvimbe ulio nyuma ya uso wa weji, uteleze juu ya mkeka. Hakuna vidio iliyonifunza hivyo. Nilifunzwa na mzee aliyekuwa amebeba mabegi tangu kabla sijazaliwa.

Na huyo mzee ndiye sababu ya makala haya.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na wateja wa miaka thelathini walimwita "kijana". Yeye aliwaita "bosi". Alijua namba za kila mmoja wao. Hakuandika mahali, aliziweka kichwani, kama konda anavyojua nani amelipa na nani anajifanya amelala. Bosi anamwambia, "Nipe digrii 56, hiyo ni kama sitini." Mzee anatazama mpira, anatazama bendera, anasema polepole, "Bosi, hiyo ni arobaini na nne. Mkono ufike kifuani tu." Bosi anachukua 56, anapiga ya sitini, mpira unakwenda sitini. Kwa kweli alipiga vizuri sana. Kisha anageuka: "Kijana, umenipa yadi mbaya."

Nimeyasikia maneno hayo, au ndugu zake, labda mara mia tano. Jioni bosi yuleyule analipia saa moja na mwalimu mwenye mashine ya kupima mpira, na saa hiyo moja inagharimu zaidi ya alichompa mzee kwa kutembea naye mashimo kumi na nane juani. Mashine inamwambia: umepiga sitini. Anashangaa! Analipa tena wiki ijayo.

Sina ugomvi na mashine. Ni kitu kizuri, ningekuwa nayo ningeitumia. Ugomvi wangu ni kwamba maarifa yaleyale yakitoka kwenye kioo yanaitwa data, na yakitoka kwa mtu mwenye ovaroli yanaitwa kelele za kedi.

Mkitaka majina makubwa, haya. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, hapahapa kwetu. Huyo, ambaye watu wengi wanamtaja wa kwanza wakizungumza juu ya mikono ya dhahabu karibu na grini, alikuwa mtoto wa kijiji cha Pedreña, Uhispania, aliyebeba mabegi na kujifunza mipigo yake ufukweni kwa fimbo moja, namba tatu, ambayo haina ulalo wowote wa kukusaidia. Alilazimika kuutafuta kila umbali kwa mkono. Wazungumzaji wa "kipaji" wanapenda sana kumtaja Seve, na huwa wanaruka ile sehemu ya ufuko na fimbo moja. Wanaruka pia ile sehemu kwamba alikuwa kedi.

Au mchukue Zach Johnson, Masters ya 2007. Augusta ina mashimo manne ya pigo tano, siku nne, jumla kumi na sita. Wenye misuli walikuwa wakijaribu kufika grini kwa mapigo mawili. Johnson hakujaribu hata mara moja. Kila mara aliuweka mpira wa pili mahali anapopajua, kisha akapiga weji. Mashimo hayo kumi na sita aliyacheza kwa mapigo 11 chini ya kiwango, akavaa koti la kijani, na mmoja wa waliomfuata kwa mapigo mawili nyuma alikuwa Tiger Woods. Sijaona mtu hata mmoja kwenye renji ya Nairobi akijaribu kuwa Zach Johnson. Wote ni Tiger, saa nne asubuhi, wakipiga draiva kuelekea kwenye wavu.

Haya. Nirudi kwa klabu, kwa sababu lawama zote nikiwapa wachezaji nitakuwa nimewasamehe wenye funguo.

Kenya Open ilianza 1967. Tangu 2019 iko kwenye ziara kuu ya Ulaya, na kila mwaka magazeti yanauliza swali lilelile: Mkenya atashinda lini? Wengi wa maprofeshenali wetu walianza kwa kubeba mabegi. Yaani kiwanda chetu cha wachezaji kiko upande wa makedi, kila mtu anajua, na bado klabu nyingi zinamchukulia kedi kama toroli linaloongea. Pale nilipobeba mimi, Jumatatu ilikuwa siku yetu ya kucheza, na tulishukuru. Lakini eneo la mazoezi ya mipigo mifupi, kile kipande kidogo kando ya grini ya mazoezi, tulifukuzwa hata hiyo Jumatatu. Sababu? Tutaharibu nyasi.

Sababu hiyo ina ukweli, sitaikataa kwa mdomo tu. Weji inachubua. Mipira mia moja inaacha makovu. Lakini kovu linajazwa mchanga na mbegu, na kikuyu hutambaa kurudi lenyewe, mvua ya Aprili ikija hutajua mahali palipochubuliwa. Na ni nani anayejaza makovu ya wanachama kila siku kwa kichupa cha mchanga kama si sisi? Mtu anayejua kuponya nyasi ndiye mnayemwogopa asiziumize. Tena mpigo huu ndio wa bei nafuu kuliko yote katika gofu. Draiva inahitaji yadi mia tatu za ardhi ghali. Nairobi haina ardhi hiyo ya kumpa mtoto wa mtu maskini, sawa, naelewa. Yadi hamsini ni kama kiwanja cha mpira cha shule ya msingi. Mnatunyima hicho pia?

Mimi ningemwambia mchezaji mpya aanze hivi: mwezi mmoja asiiguse draiva. Achukue weji moja, mkono hadi pajani, kifuani, sikioni, ahesabu hatua, aandike namba tatu. Halafu atafute kedi wa zamani, amlipe kwa saa kama anavyomlipa mwalimu, amwite kwa jina lake au amwite mzee, na amwombe atazame. Ajifunze kunyamaza anapoambiwa arobaini na nne.

Na kwa klabu, tayari tumeshaandika. Mwezi wa pili tulipeleka barua kwa kamati ya klabu moja iliyo karibu nasi, mimi na makedi wengine sita, imechapwa vizuri, ina sahihi zote. Tuliomba kipande cha yadi 60 kwa 20, kile kilicho kando ya ua ambako hakuna mtu anayecheza, Jumatatu asubuhi peke yake, kwa makedi na watoto kumi na mmoja. Tuliahidi kuleta mchanga wetu wenyewe. Tuliandika hata idadi ya debe.

Jibu lilifika kwa WhatsApp baada ya wiki tano. Linasema ombi limepokelewa, na linauliza watoto hao watavaa viatu vya aina gani.